Nimeikataa Dawa ya Mume Wangu

Mpendwa Shangazi,

Nakuandikia nikiwa na haraka na moyo mzito, naomba unishike mkono kwa sababu nimebakiwa na siku tano tu za kazi kuamua jambo ambalo sijui nilikamate wapi.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, nafanya kazi katika kampuni ya bima ya afya kama mkaguzi wa madai, kazi yangu ni kukaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi nikisoma maombi yanayotoka hospitali na maduka ya dawa, hili linalipwa, hili halilipwi, hili lirudishwe halina sahihi ya daktari, na kwa siku napitia sabini, themanini, na majina ya watu hatuyaoni, tunaona namba ya mwanachama, umri, ugonjwa na dawa basi, utaratibu uliowekwa makusudi ili mtu asimpendelee ndugu yake wala kumkomoa jirani yake. Mume wangu ni fundi lifti. Tuna watoto pacha walioko chuoni, ndiyo maana ananiita Mama Pacha nami namwita Baba Pacha hata tukiwa wawili tu sebuleni, na mwaka jana kampuni anayofanyia kazi ilihamisha bima yao ikaileta kwetu, tukafurahi, nikamtania kwamba sasa akiugua mafua nitamjua kabla hajapiga chafya. Ulikuwa utani, Shangazi.

Kwa muda wa kama mwaka na nusu nyumba yetu imekuwa na ubaridi ambao sikuuelewa. Yeye ni mtu wa maneno machache lakini wa mikono mingi, akipita nyuma yako jikoni lazima akuguse bega, akikaa karibu nawe lazima mguu wake ukutane na wako, halafu taratibu vyote hivyo vikakatika, akaanza kulala kwenye godoro la chumba cha watoto akisema mgongo unamsumbua, na ikifika Jumamosi, siku yetu ya kukaa nyumbani wote wawili, anakataa chakula. Napika tangu saa sita mchana, naweka mezani, yeye anasema, "Leo sina njaa, nitakula baadaye," halafu anakaa kwenye kiti cha pembeni anaangalia saa ya ukutani kama mtu anayesubiri kitu, uso umemwiva, na mimi nikajisemea moyoni, huyu amekula kwingine, huyu anasubiri kupigiwa simu. Nikaanza kumpekua mifuko. Sikukuta kitu ila bisibisi na karatasi za vipuri. Dada yangu, ambaye nilimweleza yote, aliniambia mwanaume akikataa chakula cha mkewe ameshapata jiko lingine, na Jumamosi moja nikashindwa kujizuia, nikamwambia mbele ya sahani yake, "Kama umeshiba huko ulikotoka, sema, nisiendelee kujichosha." Alichukua ile sahani akaifunika na nyingine, akaiweka juu ya friji polepole kama vile ina mtoto ndani, akatoka nje kuosha pikipiki iliyokuwa safi.

Sasa sikia kilichonipata. Wiki saba zilizopita nilikagua dai moja la mwanaume wa miaka arobaini na tisa, dawa ya kumeza kila siku kwa ajili ya upungufu wa nguvu za kiume. Dawa za aina hiyo mpango wetu hauzilipii, ziko kwenye kipengele cha kumi na saba, na kompyuta ina sentensi yake tayari, wewe unabonyeza tu: "Dawa hii si ya lazima kwa afya ya mwanachama." Nikabonyeza. Sidhani kama nilitumia hata nusu dakika, na nadhani nilikuwa natafuna karanga.

Wiki mbili zilizopita likarudi kwa rufaa. Rufaa huja na barua ya daktari, na mwanachama akitaka anaweka na ya kwake, na hii ilikuwa na barua ya mkono iliyopigwa picha, na nilipoifungua, Shangazi, niliutambua mwandiko, ni mwandiko unaoniandikia "nimenunua gesi" kwenye mlango wa friji miaka ishirini na mbili sasa, herufi zimelala upande mmoja kwa sababu bega lake la kushoto liliwahi kuvunjika tukiwa tumeshaoana na ndilo la mkono anaoandikia. Nilipaswa kuifunga palepale. Sikuifunga. Nimeisoma mpaka nimeihifadhi, na nakuandikia sehemu yake ili unielewe:

"Kwa mkaguzi mhusika. Salaam. Nimepata jibu lako kwamba dawa hii si ya lazima kwa afya yangu. Sikulaumu, hata mimi nikienda kukagua lifti nafuata kitabu. Lakini nina kisukari mwaka wa nne, na daktari amesema hili tatizo limeletwa na hiyohiyo sukari. Sukari mnailipia, macho yangu mmelipia yapimwe, sasa nashangaa hili limekosa mlango. Dawa niliyoanza nayo nainunua mwenyewe, ni ya kumeza saa moja kabla. Nikila chakula chenye mafuta inachelewa kufanya kazi, kwa hiyo nashinda na njaa. Kichwa kinauma na uso unawaka. Ikishaanza nina saa nne au tano, na mke wangu hajui lolote, siku nyingine yuko kwenye simu na watoto, siku nyingine amechoka, nami nakaa naangalia saa mpaka muda wangu unaisha. Daktari anasema iko nyingine inayokaa mwilini siku moja na nusu, na hiyo inapatikana pia kwa kipimo kidogo cha kumeza kila siku, ule usile, mtu anasahau kama ameimeza. Ndiyo ninayoiomba. Sitaki mke wangu awekewe ratiba kama lifti. Nataka akinishika mkono nisishtuke. Yeye ni mtu mwema sana, akijua atanihurumia, na mimi nikishahurumiwa na yeye sijui nitamtazama vipi."

Kisukari chake nakijua, hili sikulijua. Nilikwenda chooni nikalia nikiwa nimeziba mdomo na skafu yangu. Kumbe zile Jumamosi alikuwa anashinda na njaa kwa ajili yangu, na mimi ndiye niliyemwambia ameshiba alikotoka, halafu mimi huyohuyo nikamwandikia kwamba si ya lazima.

Sasa niko njia panda. Dawa hiyohiyo ya kila siku mpango wetu unailipa ikiwa imeandikwa kwa ajili ya tezi dume iliyovimba, yaani nikibadilisha namba moja ya ugonjwa kwenye faili analipiwa mwaka mzima na hakuna atakayejua, juzi kidole kilikuwa juu ya kitufe kabisa nikakiondoa. Sheria ya kazi inasema faili la ndugu ulitoe kwa mkuu wa kitengo siku hiyohiyo, mimi nimelikalia siku tisa za kazi kati ya kumi na nne za kujibu rufaa, na nikilitoa nitaulizwa nimejuaje ni lake. Dada yangu anasema nisimwambie kamwe, ukimwambia mwanaume kwamba unajua, umemmaliza. Lakini nikikaa kimya nitakuwa nakaa meza moja na mtu ambaye nimesoma moyo wake bila ruhusa. Naogopa kazi, naogopa kumvunja, naogopa hata Jumamosi ijayo. Nifanye nini?

Ni mimi, Mama Pacha.

*

Mama Pacha, mdogo wangu,

Nakujibu kwa bahasha iliyofungwa, hutaiona gazetini. Umenitumia maneno ya mgonjwa kutoka kwenye faili la kazini, na mgonjwa huyo hajakutuma. Najua ulikuwa na uchungu, lakini uchungu haukupi haki hiyo. Barua yako itachapwa siku ambayo mwenye mwandiko ule ataisoma mwenyewe na kusema sawa. Asiposema, nitaichana.

Sasa pangusa machozi tuongee.

Hicho kitufe usikiguse. Hakuna mjadala hapo. Ukiandika kwamba mumeo ana tezi dume iliyovimba na hana, uongo huo utakaa kwenye faili lake, na siku amelazwa daktari mwingine atausoma na kumtibu kwa kuufuata. Mtu mwenye kisukari huchezei karatasi zake. Na wewe utafukuzwa, kisha familia nzima iishi kwa mshahara mmoja, na mwanaume anayejiona amepungukiwa ajione pia ndiye chanzo cha mkewe kukosa kazi. Hiyo ndiyo zawadi unayotaka kumpa?

Kesho asubuhi, kabla hujavua hata skafu, nenda kwa mkuu wako. Sema, "Faili hili ni la mume wangu, nimeutambua mwandiko, nimechelewa kulitoa." Ukomee hapo. Usijieleze kupita kiasi, usilie. Utakaripiwa, na umestahili. Likitoka mkononi mwako utaona jinsi pumzi inavyorudi.

Halafu mwambie mumeo. Dada yako nampa pole, anakupenda lakini ameshakupotosha mara mbili: kwanza alikupa mwanamke ambaye hayupo, sasa anakupa ukimya. Ukimya mnao tayari, mwaka mmoja na nusu, na umewafikisha mmoja kwenye godoro la watoto na mwingine kwenye kupekua mifuko. Mwambie mchana, mkiwa na nafasi, mikono yake ikiwa na kazi, maana wanaume wa namna yake husikia vizuri wakiwa wanashughulika. Anza na kosa lako, tena anza na lile la sahani, ndilo lililomuuma zaidi. La bima lifuate. Halafu nyamaza. Akikasirika, mwache akasirike, ni haki yake. Usimbembeleze kama mtoto, na neno "pole" litumie mara moja tu. Yeye haogopi ujue. Anaogopa utakavyomtazama ukishajua. Basi mtazame kama ulivyomtazama alipovunjika bega. Nina hakika siku ile hukuona aibu kumfunga vifungo vya shati.

Kuhusu dawa zenyewe nilikaa na mfamasia mmoja ninayemwamini, nisikuandikie ya kusikia. Hiyo ya muda mfupi na hiyo ya siku moja na nusu ni ndugu, zote zinafungua mishipa damu ipite, na zote hazifanyi chochote kama mtu hana hamu au amejaa hofu. Hakuna moja iliyo kali kuliko mwenzake kwa kila mtu, tofauti ni muda, chakula, na jinsi mwili wa mtu unavyozipokea. Ya muda mfupi inapenda tumbo jepesi, si lazima njaa ya kutwa. Huyo bwana amejitesa bure, angeweza kula kidogo kisicho na mafuta mengi akaimeza. Ungekuwa unajua, ungempikia hicho. Ile ya kila siku inamfaa mtu asiyetaka kuhesabu saa, lakini ni daktari atakayesema kama figo zake zinairuhusu, maana kisukari hugusa figo pia. Na hili ulibandike mlangoni: kama anatumia au atakuja kuandikiwa dawa ya maumivu ya kifua yenye nitrati, asimeze hizi kabisa, hata moja, presha inaweza kushuka mpaka ikamwua. Na za kuuzwa mfukoni mwa mtu, zisizo na sanduku wala jina, asizinunue hata kama amechoka kukataliwa.

Upande wa bima wewe ndiye mwalimu, ila woga umekusahaulisha kazi yako. Dawa yenyewe inaweza kukataliwa tena, jiandaeni. Lakini kumwona daktari, kupimwa sukari, figo, moyo na mishipa, hayo ni matibabu ya kisukari na hayamo kwenye kipengele chako cha kumi na saba. Tatizo hili huwa ni mishipa inayopiga kengele, kwa hiyo vipimo hivyo ndivyo vya kudai kwanza. Na daktari aulizwe kama anaweza kuandika dawa kwa jina lake la kitaalamu badala ya jina la kiwanda kilichoanza kuitengeneza. Ni dawa ileile, bei yake ni nafuu sana, na watu wengi hupigana na bima miezi sita kwa kitu ambacho wangeweza kukimudu wenyewe wangeuliza tu dukani.

Kesho kwa mkuu. Jumapili kwa mume. Na siku ya kliniki, uende naye.

Shangazi

*

Shangazi mpendwa,

Ni wiki ya sita tangu jibu lako linifikie, na ninaloandika sasa Baba Pacha analisoma begani kwangu, amenirekebisha herufi mara mbili.

Kwa mkuu nilikwenda. Alinipa onyo la maandishi, likawekwa kwenye jalada langu, faili likaenda kwa mwenzangu wa ghorofa ya chini asiyemjua mume wangu. Rufaa imekataliwa. Vipimo vyote vimekubaliwa. Ila nimeandika ombi rasmi kwamba ile sentensi ibadilishwe, isomeke "dawa hii haimo katika mpango wako," kwa sababu hicho ndicho tunachokijua sisi pale ofisini. La lazima na lisilo lazima hatulijui. Wamesema watalijadili.

Kwa mume nilikwenda Jumapili, alikuwa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma anapiga brashi viatu vya kazi. Nilianza na la sahani kama ulivyosema. Halafu nikamwambia, "Mkaguzi aliyekukatalia ni mimi."

Akaendelea na brashi. Kiatu kilekile, pale pale, muda mrefu.

"Barua umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Yote?"

"Yote. Mara nyingi."

Akakiweka kiatu chini. "Mwandiko ulikuwa mbaya," akasema. "Niliandikia juu ya kibanda cha lifti, taa ilikuwa ndogo."

Basi. Akaingia ndani. Siku mbili hakusema nami zaidi ya salamu, nikajua nimemwua kweli, dada yangu alikuwa sahihi. Siku ya tatu nilimpa bahasha yako. Aliisoma akiwa amesimama, akarudia akiwa amekaa, alipofika pale kwenye tumbo jepesi akacheka, kicheko kile cha puani ambacho sikuwa nimekisikia tangu watoto waende chuo. "Huyu Shangazi wako angeniambia mapema," akasema, "Jumamosi zote hizo." Halafu akalia, Shangazi, na mimi sikumwambia pole, nilikuwa nimeshaitumia. Nilikaa tu karibu, mguu wangu ukakutana na wake, hakuuondoa.

Barua yangu ya kwanza nayo ameisoma, amesema uchape. Amesema kuna fundi mwenzake kazini ambaye anamhisi ana tatizo hilihili, huenda akaisoma.

Dawa amebadilishiwa, kipimo kidogo cha kila siku, kwa lile jina la kitaalamu, figo zimekubali. Wiki ya kwanza haikutokea kitu, daktari alikuwa ameshatuambia tusikimbilie, na mambo mengine hayo sikuandikii kwa sababu anasoma. Godoro la watoto limerudi kuwa la watoto.

Nikueleze tu siku ya kliniki. Akijiandaa kuondoka nyumbani aliniambia si lazima nije, nitapoteza saa za kazi bure. Nikavaa viatu. Tulikaa kwenye benchi la ukumbini, wanaume saba, kila mmoja peke yake, kila mmoja anaangalia simu yake, na mimi mwanamke pekee katikati yao. Nilimwona anavyojikunja kwa aibu, nikataka kutoka nimsubiri nje. Mlango ukafunguka, muuguzi akaita jina lake kwa sauti, vichwa vyote vikainuka. Akasimama, akanyoosha shati, akanigeukia mbele ya watu wote wale na kuninyooshea mkono.

"Twende," akasema.